Mji Mkuu Umehama Tena

Durban, 8 Februari 1998

Mama Mkubwa Joséphine mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na ninaomba barua hii ikukute mzima, magoti yakiwa yamekupa nafuu. Sisi huku tuko. Joto la mwezi huu halina adabu. Ukitoka mlangoni saa sita, nguo inakuganda mgongoni. Kaka Papy anakusalimu. Bado analinda magari kule Westville, na wanafunzi wa chuo wanamwita "Professor" kwa sababu ya miwani yake. Yeye anaitika. Kanisani tunaendelea kuimba kwa Kiswahili, Wakongomani na Warundi pamoja, tukigombana tu kuhusu nani ameharibu maneno ya wimbo.

Habari kubwa ni hii: sikodi tena kiti kwenye saluni ya mtu. Tangu Januari nina saluni yangu Isipingo, karibu na stendi ya teksi. Ni chumba kimoja, viti viwili, na mlangoni nimeandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: Chez Larissa. Jumamosi iko foleni mpaka nje. Laiti Mama angekuwa hai aone. Lakini upo wewe, ndiyo maana nakwambia wewe wa kwanza.

Sasa nina swali, la udadisi tu. Zamani ulikuwa ukitusimulia jinsi wewe na marehemu Baba Mkubwa Banza mlivyohama na serikali, Manono, Albertville, halafu Elisabethville. Tulikuwa watoto, tulisinzia. Ilikuwaje hasa? Nauliza kwa sababu jimbo hili nalo lina miji mikuu miwili. Wakati wa wazungu lilikatwa vipande, Natal upande mmoja, KwaZulu upande mwingine. Mwaka 1994 wakaviunganisha, lakini ofisi nyingine ziko Pietermaritzburg, nyingine Ulundi, na kila siku redioni watu wanabishana mji upi ubaki. Mteja wangu mmoja aliniuliza kama kwetu pia iko mambo hayo, nikakosa jibu.

Barua hii anakuletea Prodige, yule anayenunua viatu huku na kwenda kuviuza Lubumbashi. Usimwulize mengine. Anaongeza chumvi.

Mwanao,
Larissa


Lubumbashi, 29 Machi 1998

Binti yangu Larissa,

Amani ya Mungu iwe nawe hapo penye joto lako. Magoti yananisumbua asubuhi tu. Jua likipanda yanasahau. Mvua ya mwaka huu imekuwa nyingi, paa la jikoni likavuja, lakini mtu mmoja amenisaidia kulitengeneza. Nimefurahi kuhusu saluni mpaka nimewaonyesha majirani barua yako, isipokuwa ukurasa wa pili.

Barua imefika, na chumvi imefika pia. Prodige sikumwuliza kitu. Aliketi, akaomba chai, akaanza mwenyewe. Huyo "mteja mmoja" wako, anasema, ni mwanaume mrefu mwenye nywele fupi kama za askari. Nikajiuliza, mtu wa nywele hizo anakwenda kusukwa nini mara tatu kwa wiki? Lakini wewe hukuniambia, kwa hiyo mimi sijasikia.

Nakujibu swali lako la udadisi.

Baada ya uhuru, wakubwa wa Elisabethville walijitenga na Kongo pamoja na Katanga yote. Sisi wa kaskazini tukakataa. Tukasema tuna jimbo letu, na makao yake yakawa Manono, mji wa machimbo ya bati. Baba yako Mkubwa alikuwa karani. Aliandika barua za serikali juu ya meza ya kulia chakula, nami nilimsubiri amalize ndipo niweke sahani. Nyuma ya nyumba nilijenga tanuri la udongo, nikaanza kuoka mikate. Watu wa serikali walikuja wenyewe kuinunua, wakiwa na tai shingoni na vumbi viatuni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilijiona mtu.

Kabla tanuri halijazoea moto, tukaambiwa makao makuu ya Katanga ya Kaskazini ni Albertville, hiyo mnayoiita Kalemie. Tanuri halipandi garimoshi. Nikaliacha. Albertville nikajenga la pili, kubwa zaidi, na wateja wakawa wengi kuliko Manono. Mwaka wa sitini na nne, mwaka wa vita, ulipita juu yetu hukohuko, huo sitauandika. Halafu sitini na sita wakaunganisha kaskazini na kusini, kila kitu kikarudi Elisabethville, na mji wenyewe ukapewa jina jipya, Lubumbashi.

Banza aliingia nyumbani akicheka. "Joséphine, nimepewa nafasi!"

Nikamwuliza, "Na tanuri?"

"Utajenga jingine."

Niliketi juu ya gunia la unga wa ngano nikalia. Alikuwa mtu mwema. Aliketi pembeni yangu, suruali yake ya ofisi ikawa nyeupe yote. Lakini tulihama. Kila mara walisema hii ndiyo ya mwisho. Nilipomaliza tanuri la tatu nilimwambia, "Banza, wakihamia mwezini, utaniandikia barua."

Hayo ndiyo unayoweza kumjibu mteja wako. Mwulize na yeye, ofisi yake iko mji upi?

Mama yako Mkubwa,
Joséphine


Durban, 24 Mei 1998

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa paa. Huku baridi imeanza kidogo, baridi ya watu wa pwani, ambayo wewe ungeicheka. Papy amepata koti la mtu mnene, analivaa kama hema.

Haya, nimekamatwa. Anaitwa Mfanafuthi Zungu. Ni mkalimani wa serikali ya jimbo. Kiingereza kinaingia sikio hili, Kizulu kinatoka mdomoni, na kinyume chake. Alimleta dada yake kusukwa, akakaa akisubiri, akanirekebisha Kizulu changu. Nilikuwa nimemwambia dada yake "chemsha kichwa" badala ya "inamisha kichwa". Wiki iliyofuata akaja tena. Nikamwuliza, "Dada yuko wapi?" Akajibu, "Sijui, sikumwuliza." Basi tangu siku hiyo.

Ni mtu wa kucheka, Mama Mkubwa, na akinisikiliza hasikilizi kitu kingine. Anataka kutuma wazee wake kwa Papy. Nami nataka. Tatizo ni kwamba ameahidiwa kuwa mkuu wa wakalimani, na kazi hiyo iko Ulundi. Toka hapa ni safari ya asubuhi nzima. Anasema Ulundi ndio utakuwa mji mkuu, wote wanajua. Mwenzake wa ofisini anasema itakuwa Pietermaritzburg, wote wanajua. Mfanafuthi aliniambia, "Utafungua saluni nyingine kule." Alisema kwa wema kabisa. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma kukunja taulo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Sijampa jibu. Niambie nifanye nini.

Larissa

Nimesahau jambo moja. Prodige anasema mvua imekwisha Lubumbashi, lakini fundi bado yuko juu ya paa lako.


Lubumbashi, 12 Julai 1998

Binti yangu,

Nakusalimu, na Papy wetu na koti lake. Hapa ni baridi ya kweli, asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni. Mimi ni mzima. Paa ni zima pia.

Huyo Mfanafuthi nampenda kwa jibu lake kuhusu dada. Mzulu au Mluba wa kwetu, mtu anayekuchekesha na anayekusikiliza si wa kutupa. Simkatai mtu, mwanangu. Ninalokataa ni wewe kubebwa pamoja na mafaili. Mimi nilihama mara tatu, na kila mara aliyekuwa na ofisi alikuta ofisi inamsubiri. Mimi nilikuta uwanja mtupu.

Hata hivyo sikwambii usiende. Kuna mwanamke anayeweza kwenda Ulundi akaimba njia nzima. Jiulize kama ni wewe. Kama si wewe, mwambie hivi: nimekukubali wewe, sijaikubali Ulundi. Ukishasema, nyamaza. Usiongeze neno, usipike chakula kizuri kulainisha. Mwache akae na maneno hayo.

Na wewe, mambo ya mafundi waachie mafundi.

Joséphine


Durban, 18 Oktoba 1998

Mama Mkubwa wangu,

Hii ni barua ya tatu naandika bila jibu. Tangu Agosti tunasikia vita tu redioni, na majina ya miji yanayotajwa ni yale yako. Prodige alikwenda Lubumbashi mwezi huohuo na hajarudi. Namba ya simu ya jirani yako hailii hata kulia. Papy anasema Lubumbashi pametulia. Anasema hivyo kila jioni kabla sijamwuliza, ndiyo maana simwamini. Nimempa barua hii mama mmoja anayepanda basi kwenda Zambia. Ikikufika, nitumie hata neno moja.

Nakuandikia habari zangu kana kwamba umeketi hapa.

Nilimwambia maneno yako. Nimekukubali wewe, sijaikubali Ulundi. Tulikuwa tumesimama Isipingo kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, tukisubiri kuvuka. Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki. Akasema, "Hiyo ni kazi niliyoingoja miaka minne, Larissa." Nikanyamaza kama ulivyosema. Akaniaga vizuri, akapanda teksi. Hakuja wiki ile, wala iliyofuata, wala mwezi ule. Eish, Mama Mkubwa, kunyamaza kwako ni dawa kali! Nilisuka vibaya. Mteja mmoja nilimvuta nywele mpaka akatoa machozi, nami nikalia naye, akaacha kulia kwa mshangao.

Jumamosi iliyopita, foleni ikiwa imejaa, nikasikia wanawake wanacheka. Alikuwa ameketi kwenye foleni. Nikamwita mbele, akakataa: "Nasubiri zamu yangu." Alisubiri zaidi ya saa mbili. Zamu yake ilipofika aliketi kwenye kiti, nikamfunga kitambaa shingoni kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Akaniambia kupitia kioo, "Nilikwenda Eshowe kwa baba yangu mkubwa. Nilitaka anipe nguvu nikushinde."

"Akasemaje?"

"Alisema Eshowe nayo ilikuwa mji mkuu. Waingereza walitawala nchi ya Wazulu kutoka pale. Serikali ilipoondoka, waliokuwa na mashamba walibaki na mashamba yao. Akaniuliza ni nani mwenye shamba kati yetu. Nikamwambia ni wewe. Akasema, basi umekuja kuniuliza nini?"

Mama Mkubwa, hata aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha aliinua kichwa.

Ameomba kazi ya ukalimani mahakamani, hapahapa Durban. Cheo ni kidogo kuliko kile. Nikamwuliza kama hatajuta. Akasema, "Nitajuta siku mojamoja. Siku hizo nitakwambia." Nilipenda kwamba hakunidanganya.

Niandikie. Sina wa kufurahia naye habari hii kama hujaisoma.

Larissa


Durban, 27 Desemba 1998

Mama Mkubwa,

Heri ya Noeli, popote ilipokukuta. Bado sijapata neno lako. Naandika hata hivyo, maana hili lazima ulijue.

Wazee wa Zungu walikuja jana, chumbani kwa Papy, Sydenham. Kwa desturi yao walisimama kwanza nje ya lango wakaita jina la ukoo wetu kwa sauti kubwa: "Kyungu! Kyungu!" Majirani wote walitoka. Mtaa ule haujawahi kusikia jina letu isipokuwa kwa mwenye nyumba akidai kodi. Papy alivaa suti ya kuazima, akawaacha waite kidogo zaidi ya desturi. Alikiri baadaye kwamba alikuwa akiona raha.

Bwana harusi haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mkalimani wa serikali aliketi ndani ya gari barabarani, na humu ndani hakuna aliyemwelewa mwenziwe! Papy na baba mkubwa wa Mfanafuthi walijitahidi kwa Kiingereza. Kilipokwama, mimi, ambaye pia sitakiwi kuonekana, nilitafsiri kutoka jikoni huku nikijifanya naongea na sufuria.

Mzee akauliza, "Ninyi watu wa Kyungu, mji wenu mkuu ni upi?"

Papy akasafisha miwani. "Inategemea ni mwaka gani, Baba."

Wakacheka. Ndipo akawasimulia yote uliyoniandikia, Manono na Albertville na Elisabethville, na jinsi ule wa mwisho ulivyobadilishwa hata jina. Mzee alikuwa amenyanyua kikombe. Akakirudisha mezani bila kunywa.

"Sikilizeni," akawaambia wenzake. "Waingereza walichoma Ulundi. Wakaikata nchi yetu vipande kumi na vitatu. Wakatutawala kutoka Eshowe, halafu kutoka Pietermaritzburg. Baadaye wazungu wakatupa kipande kidogo, wakubwa wetu wakaketi Nongoma, wakahamia Ulundi tena. Sasa tuna miji mikuu miwili na hatujui tupeleke barua wapi. Na mnasema hawa ni wageni?"

Akasimama akamkumbatia Papy, na suti ya kuazima ikatatuka kwapani. Mambo ya ng'ombe wa mahari yalikwisha kabla chai haijapoa. Mfanafuthi alipoitwa aingie alikuta wazee wake wanajifunza kutamka "Albertville".

Walikuulizia wewe. Walitaka kujua kama mama mwenye tanuri yuko hai. Papy alijibu "yuko" kwa sauti kubwa mno.

Larissa


Lubumbashi, 31 Januari 1999

Larissa, binti yangu wa furaha,

Niko. Nianze na hilo.

Prodige amefika juzi na barua zako zote pamoja. Moja ilikuwa imelala Ndola, nyingine mfukoni mwa mtu. Mpaka ulifungwa na kufunguliwa, akakaa upande usio wake. Zangu mbili naona hazikukufikia. Nimesoma zako kwa mfuatano, nikalia kwenye robot, nikacheka kwenye sufuria. Mwambie Papy nimesema ni mwanaume kamili, na suti ishonwe kabla ya kurudishwa.

Lubumbashi pametulia kweli. Ila nyumba yangu imejaa watu waliokimbia kutoka Kalemie, akina mama wanne na watoto wao. Mmoja ni binti wa jirani yangu wa Albertville. Anakumbuka mkate wangu. Nimewafundisha tanuri, na sasa wananifukuza jikoni wakisema nipumzike. Sijui kupumzika kunafanywaje. Nimekuwa nikitembea jioni.

Mfanafuthi amefanya jambo kubwa na hakulipaka sukari. Mpende kwa hilo. Siku atakayokwambia anajuta, usimjibu haraka.

Harusi ni lini? Niambie mapema. Kuna mambo ya kupanga huku ambayo si ya kuandika.

Joséphine


Durban, 25 Aprili 1999

Mama Mkubwa!

Niliposoma "Niko" nilifunga saluni saa nne asubuhi, nikatoka kutembea barabarani bila mahali pa kwenda. Wateja walinisubiri, wanajua jinsi nilivyokungoja.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya Agosti, kanisani kwetu, na siku inayofuata sherehe ya Kizulu huko Eshowe. Mfanafuthi ameanza kazi mahakamani. Anasema mafaili hayakuwahi kumchekesha, lakini mashahidi wanamchekesha kila siku. Alijuta siku moja, Jumanne. Jumatano alikuwa sharp tena, mambo safi.

Lazima uje. Na sasa niambie, unatembea jioni na nani?

Larissa


Likasi, 13 Juni 1999

Mwanangu Larissa,

Soma tena hapo juu nilipoandika mji, kisha uketi.

Pontien Numbi alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya Banza kule Albertville. Walikuwa marafiki, na mkewe alikuwa rafiki yangu. Amemzika miaka sita sasa. Nyumba yake iko hapa Likasi, mwendo wa saa chache tu. Alianza kuja Lubumbashi kuangalia paa langu. Paa lilipona upesi, naye akaendelea kuliangalia. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nikikupa mashauri makali ya kutofuata mtu, nami nikiwa nimeshaanza kuhesabu vikombe vyangu vya kufungasha.

Akina mama wa Kalemie wamebaki na nyumba na kazi. Siku naondoka hakuna aliyelia. Walikuwa na mikate motoni. Nililipenda sana hilo.

Pontien anapiga taipu mpaka leo. Alitaka kukuandikia barua rasmi yenye mhuri, nikamzuia. Tutakuja wawili, kwa basi, na Prodige anatuongoza njia nzima, Mungu atusaidie. Mwambie mzee wa Eshowe nimesikia habari zake na nina maswali. Mwambie Mfanafuthi nitamsalimu kwa Kizulu. Nimejifunza maneno matatu kwa Prodige, ambayo huenda ni matusi.

Utaniuliza, baada ya maneno yote yale, imekuwaje nimehama tena nikiwa na umri huu. Mwanangu, mara tatu nilihama kwa sababu serikali ilihama, na hakuna aliyenigeukia kusema, wewe Joséphine, unataka? Pontien aliketi sebuleni kwangu, kofia magotini, akaniambia kama sitaki kuja Likasi atauza nyumba yake aje yeye Lubumbashi. Halafu akasubiri.

Nikamwambia nitakuja.

Mama yako Mkubwa,
Joséphine